Chumba Walichosema Hakina Mtu

Kabla sijaeleza lolote, nataka msomaji aujue mpaka wa ushahidi wangu. Niliiona tepu ya kupimia ikinyooshwa katika vyumba vitatu vya jengo jipya la kampuni ya mbegu, kwa sababu ncha yake moja niliishika mimi. Niliziona mashine tatu za kupoza hewa zikishushwa kwenye lori na kutiwa ukutani. Nilikisoma kipimajoto cha chumba cha mbegu kila alasiri, na baadaye kila asubuhi. Nilimwona mwanamke akitoka katika chumba hicho amejishika kichwa, kwa kuwa nilimtoa mimi. Hayo ni yangu. Kwamba mwanamke mwingine alikufa kwa upepo wa mashine, kwamba kaka yangu alinakili hesabu zake kutoka kitabu cha nchi za jangwani, kwamba meneja aliapa kumfukuza mbele ya wageni, hayo niliyasikia tu: kwenye foleni ya maji mtaani kwetu Bondeni, kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni, na mara moja kanisani, kabla hata ya baraka ya mwisho. Sikuyaona, wala sikumpata aliyeyaona. Nitayataja pale tu yalipoleta madhara, maana uvumi huleta madhara hata ukiwa uongo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mjini Nakuru, wakati wa Hali ya Hatari. Vijana wanaoniuliza habari za wakati ule hutaka niwasimulie ya wapiganaji wa msituni. Mimi msitu sikuukanyaga. Nilichokanyaga ni vumbi la Nakuru, lile jeupe ambalo upepo wa mchana huliinua kando ya ziwa na kulileta mjini, likaingia katika chai, katika vitabu, katika kola ya shati uliyoipiga pasi asubuhi. Mji haukutulia. Malori ya askari yalikwenda na kurudi, mabehewa yaligongana stesheni, watu waliitazama barabara kabla ya kuvuka na wakaitazama tena baada ya kuvuka. Aliyesimama bila shughuli aliulizwa karatasi, kwa hiyo hakuna aliyesimama. Tulitembea haraka hata tulipokuwa hatuendi popote.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Baba yetu alikuja Nakuru kutoka upande wa magharibi kufanya kazi ya reli, akazeeka, akarudi nyumbani; kaka alibaki. Aliajiriwa na mkandarasi mmoja Mhindi, mwenye karakana nyuma ya soko, ambaye alipata kazi ya kuweka mashine za kupoza hewa katika jengo la kampuni ya mbegu. Mkandarasi alizijua nyaya na mabati, lakini kuchagua ukubwa wa mashine kwa kila chumba kulihitaji hesabu asiyokuwa na subira nayo. Alimpa kaka kitabu cha maelezo, akamwambia achague.

Masharti hayakuwa na utata. Vyumba vikikaa katika baridi iliyotakiwa, kaka angekuwa msimamizi wa kazi zote za namna hiyo, kuanzia ghala la Rongai. Visipokaa, angefungasha. Na kufungasha hakukuwa kupoteza mshahara peke yake. Chumba chetu cha Bondeni tulikipata kwa barua ya mwajiri wake. Bila barua hiyo, yeye, mke wake na mtoto wao mchanga, pamoja na mimi niliyelala nyuma ya pazia, tungepewa notisi na kurudi magharibi, ambako shamba la baba lilikuwa limekwisha kugawanywa kati ya wale waliokuwapo.

Mtu atauliza mashine ya kupoza hewa ilitakiwa ya nini Nakuru, mji ambao asubuhi ya Julai hukulazimisha kuvaa koti juu ya sweta. Haikutakiwa kwa ajili ya watu. Mbegu za mboga zilizoletwa kwa meli, hasa za vitunguu, hufa upesi zikikaa penye joto na unyevu. Kwa macho huwezi kuzijua: punje iliyokufa ni nyeusi na ngumu sawasawa na iliyo hai. Mkulima wa Keringet ataipanda, ataimwagilia, atangoja, na hakuna kitakachoota. Ndiyo maana kampuni ilitaka chumba kimoja kikae baridi na kavu mwaka mzima, mchana wa jua la Februari na asubuhi ya ukungu pia. Ukutani meneja alitundika kipimajoto, akakichorea alama nyekundu kwa mkono wake. Zebaki isipite hapo.

Siku ya kupima nilikwenda na kaka kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule nikingoja kazi. Vyumba vilikuwa vitatu: chumba cha mbegu, chumba cha kujaribia uotaji, na ofisi ya meneja. Nilidhani, kama wengi wanavyodhani hadi leo, kwamba chumba kikubwa hupewa mashine kubwa na kidogo hupewa ndogo, basi. Kaka hakuanza hata na tepu. Alianza kwa kutoka nje na kulitafuta jua. Aliuliza ukuta upi unapigwa alasiri, juu kuna dari au mabati matupu, dirisha linatazama wapi. Katika chumba cha uotaji alizihesabu balbu, kwa sababu balbu nayo ni moto. Ndipo tukapima urefu, upana na kimo, mimi nikiivuta tepu na yeye akinikaripia kwamba imelegea.

Ofisi ya meneja ilikuwa pana kuliko vyumba vyote, lakini ilielekea kusini chini ya kivuli cha miti, na aliyekaa humo alikuwa mtu mmoja. Kaka aliipangia mashine ndogo. Chumba cha mbegu kilikuwa chembamba, lakini ukuta wake mrefu ulitazama magharibi na juu yake kulikuwa na mabati. Hicho alikipangia kubwa. Mkandarasi alipousikia mpango huo alivua kofia.

"Yaani kitunguu kinapata mashine kubwa kuliko bwana mkubwa?"

"Bwana mkubwa hafi akipata joto," kaka alisema. "Kitunguu kinakufa."

"Haya. Hiyo utamwambia mwenyewe. Mimi nitakuwa kwa lori."

Nacheka ninapoandika, ingawa siku ile sikucheka. Katika kampuni ile kila kitu kilikuwa na ukubwa wake kulingana na cheo: meza, kiti, zulia, hata kikombe cha chai. Kumpa meneja kifaa kidogo kuliko vyote kulikuwa kama kumkalisha kwenye benchi la vibarua. Lakini kaka alimweleza, nami nikiwa nimesimama mlangoni na tepu mkononi, kwamba mashine iliyozidi chumba hupoza upesi mno na kujizima kabla haijautoa unyevu hewani, na ofisi ingekuwa baridi na majimaji kama pango. Meneja aliutazama mchoro. "Tutaona," alisema kwa Kiswahili, akaturudishia.

Jambo la mwisho tulilofanya siku hiyo ndilo ninalotaka likumbukwe. Kaka alimgeukia nyapara, mzee mwenye fimbo fupi aliyewasimamia wafanyakazi wa uwanjani, akamuuliza ni watu wangapi wanaofanya kazi ndani ya chumba cha mbegu. Alieleza na sababu: mtu aliyeketi hutoa joto kama balbu kubwa inayowaka, na pumzi yake ni maji.

"Humu hakuna mtu," nyapara alisema.

"Hata mmoja?"

"Fundi, nimekwambia hakuna mtu. Ni mbegu. Andika."

Kaka akaandika hakuna. Nilikuwa hapo. Nililisikia swali na nikalisikia jibu, na jambo hili silichukui kutoka kwa yeyote.

Mashine zilipofika zilitiwa katika matundu yaliyokatwa ukutani, uso ndani na mgongo nje. Mgongo ulipuliza hewa ya moto uani, na kuku wa mlinzi walikuja kuota joto hapo. Miezi ya kwanza yote yalikwenda vizuri. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kujaribu uotaji katika kampuni hiyohiyo, kupanga punje juu ya karatasi zilizoloweshwa na kuzihesabu zinazochipua, na kila alasiri nilikwenda kukisoma kipimajoto cha chumba cha mbegu. Zebaki ilikaa chini ya alama. Meneja alifunga madirisha ya ofisi yake, akaiwasha mashine yake ndogo, na hakulalamika.

Kisha ikaja Julai, baridi ikashuka kutoka milimani, na chumba cha mbegu kikaanza kupata joto.

Ninajua jinsi sentensi hiyo inavyosikika. Ndivyo ilivyokuwa. Nyapara, ambaye ndiye aliyekuwa akisoma kipimajoto asubuhi, alileta habari kwamba zebaki imepita alama. Siku iliyofuata akaleta habari hiyohiyo, na iliyofuata pia. Punje za vitunguu nilizozipanga kwenye karatasi zilianza kuchipua chache. Meneja alimwita mkandarasi na kumwambia kwamba ikiwa mashine ni ndogo, yeye mkandarasi ataleta kubwa zaidi kwa gharama yake mwenyewe. Mkandarasi akamwita kaka na kumpa hadi Jumatatu.

Hapo ndipo midomo ya mji ilipofunguka. Mke wa kaka, shemeji yangu, alikwenda kuteka maji akarudi na ndoo nusu, kwa sababu mwanamke mmoja pale bombani alimwambia kwamba mashine ya mumewe inaua watu, na mwingine akasema aliyekufa amezikwa jana. Nilimuuliza shemeji: amezikwa wapi, jina lake nani, nani alikwenda mazishini? Hakujua. Waliomwambia hawakujua. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza yule wa bombani, naye akanielekeza kwa mwingine, na huyo akanielekeza kwa wa kwanza.

Kaka hakulala wala hakuketi. Jioni, kabla ya saa ya kafyu, alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye pazia langu na kurudi, akizirudia hesabu kwa sauti: ukuta, mabati, kimo, jua. Shemeji alimwekea ugali ukapoa.

"Keti ule," alimwambia. "Hata mashine inazimwa."

"Mashine yangu haijizimi. Hilo ndilo tatizo. Inanguruma usiku na mchana na joto halishuki."

"Basi nguruma umeketi."

Aliketi, akala tonge mbili, akasimama tena. Nami sikuwa na utulivu zaidi yake, ila wangu ulikuwa wasiwasi wa namna nyingine. Kulikuwa na kitu kisichokaa sawa. Alasiri, jua likiupiga ukuta wa magharibi na mabati yakilia kwa joto, kipimajoto nilichokisoma mimi kilikuwa chini ya alama. Asubuhi, ukungu ukiwa umeshika uwanja wote, kipimajoto alichokisoma nyapara kilikuwa juu. Mashine iliyo ndogo hushindwa pale kazi inapokuwa kubwa. Hii ilishinda kazi kubwa na kushindwa na ndogo. Nilimwambia kaka hivyo. Alisimama katikati ya chumba.

"Asubuhi umekiona mwenyewe?"

"Hapana. Nimeambiwa na nyapara."

"Basi hujui lolote," akasema. Na ilikuwa kweli.

Kesho yake niliondoka Bondeni mara tu kafyu ilipokwisha. Sikupita lango kuu. Nilizunguka upande wa njia ya reli, ambako chumba cha mbegu kilikuwa na mlango wa nyuma ambao meneja hakuwa na sababu ya kuufikia. Mgongo wa mashine ulikuwa ukipuliza na kuku walikuwa wamejaa. Niliusukuma mlango, ulikuwa mzito, kwa maana chini yake palikuwa pamezibwa kwa gunia.

"Funga mlango, karani," sauti ya mwanamke ilisema. "Baridi inaingia."

Ndani kulikuwa na meza ndefu, na kuizunguka meza walikuwa wanawake wamejifunga mablanketi, bega kwa bega, wakichambua mbegu: mawe huku, makapi kule, punje nzima katika debe. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Mdomo wa mashine walikuwa wameuziba kwa blanketi kuukuu, ambalo lilitetemeka kwa upepo uliojaribu kupita. Na nyuma ya magunia, pale ambapo mtu aliyechungulia kwa mlango wa mbele asingepaona, palikuwa na jiko la makaa mekundu, na juu yake sufuria ya uji iliyokuwa ikitoa mvuke hadi darini.

"Mama," nilimwambia yule aliyesema, mwanamke wa makamo aliyeketi kichwani mwa meza, "hiki ni chumba cha baridi."

"Baridi ya nani? Sisi yetu tumekuja nayo kutoka nyumbani." Wenzake wakacheka. "Wewe unachambua kwa kalamu, kijana wangu. Sisi ni kwa vidole. Kidole kikifa ganzi, jiwe na kitunguu ni mamoja."

Alikuwa na haki, na nilijua hivyo. Walilipwa kwa debe; mkono uliopooza haukujaza debe. Lakini kabla sijapata la kumjibu nilimwona mmoja pembeni, karibu na jiko, ameweka paji la uso juu ya meza. Walisema ni kichwa, kwamba kila asubuhi kuna anayeumwa kichwa, kwamba ni upepo wa lile sanduku, ndiyo maana wameliziba. Nilimtoa nje nikamkalisha ukutani. Alitapika kidogo, akavuta hewa ya ukungu, na baada ya muda akauliza kama debe lake liko salama. Sanduku lilikuwa limezibwa asubuhi nzima, na kichwa kilimuuma hata hivyo. Nilirudi ndani nikamwonyesha yule mama makaa, na mlango uliozibwa, na nikamweleza nilichofundishwa shuleni juu ya makaa katika chumba kisichopitisha hewa. Hakucheka tena. Alitazama watoto waliokuwa migongoni.

"Usimwambie nyapara kuna jiko," alisema. "Tutalitoa. Lakini usimwambie. Wengi wetu hapa tukifukuzwa hatuna pa kurudi."

Sikuuliza kwa nini hawana pa kurudi. Miaka ile hukumuuliza mwanamke mume wake yuko wapi. Nilimwahidi kwamba sitalisema jiko, ila nitamleta kaka yangu, kwa sababu kazi yake nayo ilikuwa hatarini.

Kaka alikuja kutoka karakana karibu anakimbia. Alisimama mlangoni akazungusha macho kuzunguka meza, midomo ikienda, na niliona kwamba anahesabu. Kisha aliketi juu ya gunia, mara ya kwanza nilipomwona akiketi mwenyewe juma lile.

"Niliuliza," alisema.

Nyapara naye alikuwa amefika, fimbo kwapani; jiko lilikuwa limekwisha kutolewa. Kaka alimwonyesha meza.

"Mzee, hawa ni nani?"

"Hao? Hao si watu wa kampuni. Ni vibarua wa kuchambua."

"Wanapumua?"

"Wanapumua, lakini hawako kwenye rejista. Wewe uliniuliza watu."

Nyapara hakuwa akidanganya. Nilimtazama usoni na ninaweza kuapa hivyo. Katika kampuni ile mtu alikuwa yule aliyeandikiwa jina, akapewa kibao chenye namba na blanketi la Krismasi. Kina mama hao waliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma ifikapo saa sita, na kwa hesabu ya nyapara chumba kilikuwa kitupu kabla yao, pamoja nao na baada yao. Kaka alichagua mashine kwa chumba kitupu. Ilikitosha chumba kitupu, hata chini ya jua la magharibi. Haikuwatosha wao na watoto wao na uji wao.

Sasa njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake. Angemwambia meneja kwamba hesabu ni sahihi na wanawake wameiharibu, na kufikia saa sita wangekuwa barabarani, zebaki ingeshuka, na barua ya Bondeni ingebaki mahali pake. Yule mama aliijua njia hiyo kama sisi. Alikuwa ameacha kuchambua na mikono yake imetulia juu ya meza.

"Fundi," alimwambia kaka, "una mke?"

"Ninaye."

"Anafanya kazi?"

"Ana mtoto mchanga."

"Hata sisi," alisema, akaendelea kuchambua.

Kaka alitoka nje. Nilimfuata. Alilizunguka jengo haraka, kama alivyofanya siku ya kupima, na aliposimama alikuwa upande wa mashariki, ambako jua lilikuwa limeanza kuupasua ukungu na kugusa ukuta. Aliweka kiganja juu ya tofali. "Hapa," alisema. "Waje hapa." Joto likitoka chumbani, mashine haina haja ya kuongezwa. Meza itolewe, mbegu zitolewe gunia moja baada ya jingine, na ukuta huu ujengewe banda la mabati lililo wazi upande wa jua, ambamo jiko linaweza kukaa bila kumuumiza mtu kichwa. Alikwenda kwa mkandarasi nikiwa naye. Mkandarasi alisikiliza hadi mwisho akiwa na uso wa mtu anayeumwa jino, akauliza swali moja tu: je, mashine nyingine haitanunuliwa? Haitanunuliwa. Basi akakumbuka kwamba ana mabati yaliyobaki.

Jumatatu ilifika banda likiwa bado halijajengwa. Kulikuwa na meza tu chini ya ukuta wa mashariki, na kina mama wameizunguka kwa mablanketi, pumzi zao zikionekana hewani, jiko liko wazi mbele ya macho ya kila mtu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukisoma kipimajoto mara tatu na nilikuwa nakwenda kukisoma mara ya nne meneja alipokuja na mkandarasi. Aliliona kundi lile, akasimama. Alimuuliza nyapara watu hawa ni wa nani. Kaka alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni yule mama, bila kuinuka.

"Ni sisi, bwana. Siku zote tulikuwa ndani."

Meneja aliingia chumbani. Tuliingia nyuma yake. Alikigonga kioo cha kipimajoto kwa ukucha, akangoja, akagonga tena. Zebaki ilikuwa chini ya alama yake nyekundu, na mashine, ambayo kwa majuma ilinguruma bila kupumzika, ilijizima yenyewe tukiwa tumesimama hapo. Nikasikia kuku nje. Kaka hakusherehekea. Alimwambia meneja wazi kwamba hesabu yake ilikuwa pungufu, kwamba alichagua mashine kwa chumba kisicho na watu na chumba kilikuwa na watu, na kwamba banda ni nafuu kuliko mashine.

"Jenga," meneja alisema, akaenda ofisini kwake.

Banda lilijengwa juma hilo. Nililiona likijengwa na niliwaona kina mama wakihamia. Nilisikia baadaye kwamba gharama yake ilikatwa katika ujira wao, na nilisikia pia kwamba haikukatwa. Waliosema hili na waliosema lile walikuwa na uhakika sawa, na mimi sikuwahi kuwa mahali malipo yalipofanyika. Nilisikia kwamba mkandarasi alimsifu kaka kwa wateja wake wote. Sikuwahi kumsikia akimsifu. Nilichokiona ni kwamba barua ya chumba cha Bondeni haikuondolewa, na kwamba shemeji alianza kurudi na ndoo iliyojaa, ijapokuwa wale wa bombani hawakumwambia kwamba marehemu amefufuka.

Nilikwenda Rongai na kaka siku yangu ya mapumziko. Lori la mkandarasi lilituteremsha ghalani asubuhi, na dereva akasema atapita kunichukua akirudi kutoka kupeleka saruji. Upepo ulikuwa mkali na makapi ya ngano yalizunguka uwanjani. Chumba kilichotakiwa kupozwa kilikuwa mwisho wa ghala, kirefu, mabati juu, ukuta mmoja magharibi. Nyapara wa pale, kijana mwenye kofia ya kijeshi, alitufungulia. Kaka alimuuliza ni watu wangapi wanaoingia humo.

"Hakuna mtu," kijana alisema.

Kaka aliitia tepu mfukoni. Alitafuta tofali, akaliweka kando ya mlango, akaketi juu yake, mikono magotini, akitazama uwanja. Kijana alimuuliza kama hapimi. Alisema anapima. Tulingoja hivyo, mimi nikisimama na kuketi na kusimama tena, yeye ametulia kuliko nilivyopata kumwona tangu tukiwa watoto. Kisha mwanamke mmoja alikuja na ufagio, akatusalimu, akaingia. Baada yake walikuja wawili wamebeba ungo, wakaingia. Alikuwa akija wa nne, mwenye mtoto mgongoni, lori lilipopiga honi nami nikapanda.

Wangapi waliingia baada ya huyo, sijui. Nilimwona huyo wa nne akifika mlangoni, na kaka akisogeza miguu ili apite.